Re: Mti wa ukoo wa bibi ninayemhudumia: nianzie wapi?

Dada wa Quincy:

Shikamooni wakubwa. Wadau wengine, habari za majukumu.

Nahudumia bibi mmoja wa hapa Massachusetts, miaka themanini na kitu, akili timamu ila macho yamekwisha. Shifti yangu ni ya jioni. Akishakula na kumeza dawa anataka jambo moja tu: tumalizie mti wa ukoo wao. Kwa upande wa mama yake ni akina Lincoln wa Hingham, mji wa hapa hapa Massachusetts, na tangu utotoni ameambiwa kwamba wana undugu na Rais Abraham Lincoln. Ana sanduku la makaratasi, Biblia yenye majina ya waliozaliwa, na jedwali ambalo mpwa wake alilitoa mtandaoni. Jedwali linavuka bahari hadi Uingereza, halafu linapanda mpaka kwa wafalme!

Mimi ndiye msomaji na mwandishi. Nimekwama kwa Thomas Lincoln: wako wanne, mji mmoja, wakati mmoja. Nianzie wapi? Na hii inahesabika kazi, au namsaidia tu?

Mzee wa Providence:

Marahaba mwanangu.

Wafalme waweke kando, na jedwali la mpwa lifunge. Anza na bibi mwenyewe. Cheti chake cha kuzaliwa kinataja wazazi, vyeti vya wazazi vinataja babu na bibi, unapanda ngazi moja moja. Massachusetts inaandikisha vizazi, ndoa na vifo kwa jimbo zima tangu 1841. Kabla ya hapo waliandika makarani wa miji, na vitabu vya miji mingi vimechapishwa hadi mwaka 1850. Kuna tovuti za kutafutia nasaba: FamilySearch ni bure. Ancestry inalipiwa, lakini maktaba nyingi za umma zinakuruhusu kuitumia bila malipo ukiwa ndani ya jengo.

Hao Thomas wanne si makosa ya karani. Hingham ya miaka ya 1630 ilikuwa na Thomas Lincoln mfumaji, Thomas Lincoln mtengeneza mapipa, Thomas Lincoln msaga nafaka na Thomas Lincoln mkulima, na ndivyo walivyotofautishwa, kwa kazi zao. Rais anatokana na Samuel Lincoln, na kaka yake Samuel ni yule mfumaji. Jenerali Benjamin Lincoln, aliyepokea upanga wa Waingereza waliposalimu amri Yorktown mwaka 1781 katika vita vya uhuru wa Marekani, ni wa uzao wa mtengeneza mapipa. Kwa hiyo bibi anaweza kuwa Lincoln halisi wa Hingham, wa tangu mwanzo kabisa, na bado asiwe na undugu uliothibitishwa na rais. Kila Thomas utakayemkuta, tafuta kwanza alifanya kazi gani.

Samuel mwenyewe alibatizwa Agosti 1622 katika kanisa la St Andrew's, Hingham, ile ya Norfolk kule Uingereza. Babu yake, Richard, alikuwa na ardhi na alioa zaidi ya mara moja. Wosia wake uliwapendelea watoto wa mke wa mwisho, na Edward, mtoto wa mke wa kwanza na baba yake Samuel, akaambulia patupu. (Haya tunayajua hata kwetu.) Watoto wa Edward hawakuwa na shamba la kusubiri. Samuel akapelekwa kwa mfumaji wa Norwich aitwaye Francis Lawes, na Aprili 1637 wakajiandikisha bandari ya Great Yarmouth kupanda meli ya *John and Dorothy*. Orodha ipo mpaka leo: Lawes, miaka 57, mkewe, mtoto mmoja, na watumishi wawili. Mmoja wa watumishi hao kaandikwa "Samuell Lincorne", miaka 18. Ukitafuta kwenye kompyuta kwa tahajia ya sasa peke yake utampita. Jaribu Lincorne, Linkon, Lincon, na kila namna ambayo mtu angeandika kwa kusikia.

Baada ya hapo ukoo haukutulia. Mordecai, mtoto wa Samuel, alikuwa mhunzi na alibaki pwani ya Massachusetts. Mwanawe, Mordecai wa pili, alihamia New Jersey kisha Pennsylvania. Mtoto wa huyo, John, akashuka Virginia, bonde la Linville Creek, mwaka 1768. Abraham, mtoto wa John, akavuka kwenda Kentucky, na mwaka 1786 akauawa na wenyeji wa asili wa Amerika akiwa shambani kwake. Sheria ya Virginia, iliyotawala Kentucky wakati huo, ilimpa mtoto wa kiume wa kwanza ardhi yote. Thomas, aliyekuwa mdogo, hakupata kitu. Huyo Thomas ndiye baba wa rais aliyezaliwa 1809.

Sasa msomee bibi hili. Mwaka 1848, Lincoln akiwa mbunge, aliandikiwa na Solomon Lincoln, mwanahistoria wa Hingham, akiulizwa nasaba yake. Alijibu kwamba babu yake alitoka Virginia, na kwamba kuna tetesi kuwa baba wa babu alitoka Pennsylvania na alikuwa Mkweka (Quaker, dhehebu la Kikristo). Akaishia hapo. Mwaka 1859 aliandika tena kwamba juhudi za kuwaunganisha na akina Lincoln wa New England hazikuzaa zaidi ya kufanana kwa majina: Enoch, Levi, Mordecai, Solomon, Abraham. Alikuwa sahihi kutoridhika. Majina hayo yalikuwa ya Biblia na kila Mpuritani, yaani Mprotestanti wa msimamo mkali wa Uingereza ya wakati huo, aliyapenda. Uzi ulikuja kuunganishwa na wosia na hati za ardhi, kwa sababu anayeuza shamba la urithi hulazimika kusema ni mtoto wa nani. Hapo ndipo pa kutafuta, si kwenye majina.

Kaka wa Norwich:

Shikamoo mzee. Mimi nipo huku huku Norfolk, Hingham ni mwendo mfupi wa gari. Ndani ya St Andrew's kuna sanamu ya kichwa cha Lincoln, iliyozinduliwa 1919, na Wamarekani hawakauki. Dada, jua kwamba hawakuondoka familia moja moja. Kasisi wa pale, Robert Peck, aligombana na askofu wa Norwich, Matthew Wren, na mwaka 1638 akaondoka na waumini kadhaa. Baadaye alirudi, wenzake wakabaki. Kwa hiyo majirani wa Norfolk walikuwa majirani tena Massachusetts. Ukikwama kwa mtu mmoja, fuatilia jirani yake, shahidi wa wosia wake, aliyemsimamia ndoa.

Halafu tarehe. Hadi 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi. Ukiona Februari 1636/7, si karani kasitasita: kwao bado ilikuwa 1636, kwetu ni 1637. Nakili yote miwili kama ilivyo.

Mdau wa Portland, Maine:

Hebu rudini kwenye umri. Kabatizwa 1622, kapanda meli 1637, kaandikwa miaka 18? Hesabu inatoa kumi na tano hivi, labda alibatizwa akiwa mkubwa kidogo, labda waliongeza. Sisi tuliopitia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, hatushangai hata kidogo. Mtaani kwangu Wakongo nusu, kwa makaratasi, wamezaliwa 1 Januari. Dada, usirekebishe. Andika umri uliopo kwenye orodha, na pembeni tarehe ya ubatizo.

Mama wa Lynn:

Wote mmemjibu historia, swali la malipo mmeliruka.

Mdogo wangu, niko kwenye kazi hii muda mrefu. Ukiwa ndani ya shifti, kumsomea na kumwandikia ni sehemu ya kumhudumia, lakini mwambie msimamizi wako aliweke kwenye mpango wa huduma kwa maandishi. Nje ya shifti usifanye bila wakala kujua. Nilishaona mwenzetu akiingia matatani na familia ya mgonjwa kwa sababu ya karatasi tu, hati iliyopotea, na wa kwanza kuulizwa akawa yeye.

Biblia isitoke nyumbani kwa bibi. Piga picha kurasa kwa simu yake, si yako. Akaunti ya FamilySearch ifunguliwe kwa jina na barua pepe yake, na kama kuna cha kulipia, kadi iwe ya mtoto wake. Akitaka kipimo cha vinasaba, waachie wanawe waamue, maana hivyo vipimo hufumua na mambo ambayo familia haikuyauliza.

Na hilo jedwali la mpwa usilichane mbele ya bibi. Mwambie mnaanza upya kutoka chini, mkifika 1850 muone. Akiuliza habari ya wafalme, mwambie hamjafika huko bado.