Saanane kwa boti na watoto wadogo

Wadau wa Mwanza, Jumamosi nawapeleka watoto, wa miaka 3 na 6, kisiwa cha Saanane ndani ya Ziwa Victoria. Nijiandae vipi?

— Jaketi okozi kwanza, mama. Soma kilo kwenye lebo, usikadirie kwa umri. Likishafungwa, linyanyue mabegani: likipanda hadi masikioni ni kubwa, majini litamvuka. La huyo mdogo liwe na mkanda wa katikati ya miguu na kola ya kushikilia kichwa.

— Nendeni asubuhi, mrudi kabla ya saa sita. Mchana upepo wa ziwa huamka. Ukiona wingu jeusi ahirisha, hata nahodha akisema "twende tu".

— Wasichezee maji ya ufukweni penye majani, kichocho kipo! Nguo kavu weka kwenye ndoo yenye mfuniko.