Naomba ushauri: Hayabusa ya zamani au iliyosanifiwa upya?
Ndugu zangu, niko Tanga na nataka kununua pikipiki ya Suzuki Hayabusa iliyotumika, ila nimekwama kati ya toleo la 2008 na lile la 2021. Waendeshaji wenzangu hawaelewani: wengine wanalalamika kwamba injini imebaki na ujazo wa cc 1,340 huku nguvu zikishuka kutoka farasi 197 hadi 190, na wengine wanasifu mifumo ya kielektroniki inayozuia gurudumu la nyuma kuteleza. Mimi hilo la pili ndilo linalonigusa, kwani juzi pale Raskazone nusura nianguke kwenye mchanga uliosombwa na mvua. Je, mifumo hiyo ikiharibika, fundi wa kawaida ataimudu, au nitalazimika kuisafirisha pikipiki ya kilo 264 hadi Dar es Salaam?