Biolojia: nianze na sayansi au nimalize kwanza masomo ya jumla?

Mgeni_SD: Wakuu, nipo San Diego, naanza chuo cha jamii (community college, cha miaka miwili) Agosti hii. Lengo ni kuhamia Chuo Kikuu cha California (UC) mwaka wa tatu, biolojia. Mshauri amenipangia Kiingereza, historia, saikolojia na sosholojia muhula wa kwanza, sayansi nisubiri kwanza. Ni sawa?

Chembehai: Si sawa kwa biolojia. Kinachokubana ni kemia: kemia ya jumla 1, kisha 2, kisha kemia ya kaboni 1, kisha 2. Huwezi kuruka wala kusoma mbili pamoja, hivyo mnyororo unakula mihula minne kamili. Ukianza muhula wa pili, unamaliza wa tano. Kampasi nyingi huwapokea wanaohamia vuli tu, kwa hiyo kuchelewa muhula mmoja kunaweza kukugharimu mwaka. Muhula wa kwanza chukua kemia 1, hesabu na Kiingereza. Saikolojia haina haraka, utaipata hata kiangazi.

Mgeni_SD: Nikisoma katalogi naona kemia 1 inadai kemia ya utangulizi. Sekondari niliisoma, ila miaka imepita.

Chembehai: Vyuo vingi vina jaribio la kukuruhusu uruke hiyo ya utangulizi. Waulize idara ya kemia yenyewe. Rudia moli, kusawazisha milinganyo na kubadili vizio.

Bi_Maabara: Naongeza: kemia 1 kwa kawaida ni yuniti 5 (yuniti ni kipimo cha uzito wa kozi), maana yake saa 3 za mhadhara na 6 za maabara kila wiki, kabla hujagusa ripoti. Kozi mbili za maabara kwa muhula zinabebeka, tatu ni kujitafutia F. Biolojia ianze muhula wa pili. Na uchukue ile ya wanaosomea biolojia, mihula miwili. Anatomia na fiziolojia ya wauguzi ni ngumu kweli, lakini kwa kawaida haijazi nafasi hiyo.

Kokotoo: Usikisie, fungua ASSIST.org, tovuti inayoonyesha kozi ipi ya chuo chako inakubalika badala ya ipi ya UC. Chagua chuo chako, kampasi unayoitaka, halafu fani. Kushoto ni kozi ya UC, kulia ni ya chuo chako. Kozi mbili zikifungwa pamoja kwa "AND", lazima umalize zote mbili, nusu haihesabiki. Ndiyo maana kemia ya kaboni 1 hapa na 2 chuo kingine ni balaa. Fanya hivyo kwa kampasi tatu au nne, kwa sababu moja hudai kalkulasi na fizikia mihula miwili, nyingine hupunguza.

Mgeni_SD: Na ile TAG, nafasi ya uhakika?

Kokotoo: Ipo kampasi sita: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, Los Angeles na hapo kwenu San Diego hazimo. Unachagua moja tu, fomu ni Septemba 1 hadi 30, mwaka mmoja kabla ya kuhamia. Soma masharti ya fani, si ya kampasi pekee. Biolojia huwa na yake.

Bi_Maabara: Yuniti zinazotakiwa ni 60 za mihula zinazokubalika UC. Humo ziwemo kozi mbili za uandishi wa Kiingereza na moja ya hesabu, zote ziwe zimekwisha mwisho wa majira ya kuchipua kabla ya kuhamia, alama C au zaidi. Kiingereza cha pili kikwama, ombi lote linakwama, hata kama kemia una A.