Kilomita 1,400 kwenda mkutano wa pikipiki, tuko sita na mmoja ana pikipiki ya cc 150. Tumwambie asije?

Upepo_wa_Kona

Wakuu habari zenu. Niko na wenzangu watano, tumejuana miaka mingi na karibu kila wikendi tunatoka pamoja, sasa mwaka huu tumeamua twende kwenye mkutano mkubwa wa waendesha pikipiki. Umbali ni kilomita 1,400 kwenda tu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupita kilomita 250 kwa siku. Tuna wiki saba za kujiandaa. Pikipiki ni mchanganyiko, nikitaja ukubwa wa injini kwa cc, mbili ni 650, moja 500, moja 400, moja kubwa ya 1200 ile ya kukaa chini miguu mbele, na rafiki yetu mmoja ana 150.

Hapo ndo ugomvi ulipoanzia. Wawili wanasema huyu wa 150 atatuchelewesha, apande basi tukutane hukohuko au apakiwe na mmoja wetu. Mwenye 1200 yeye anataka tutoke saa tisa usiku tumalize yote kwa siku moja, anasema kuna watu wanafanya hivyo na zaidi. Mimi roho inaniuma mana huyu wa 150 ndiye aliyetuingiza wote kwenye pikipiki, mimi mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuachia klachi taratibu, nikimwambia asije sijui nitamtazamaje usoni. Ila sitaki pia kumpeleka mtu mahali ambapo chombo chake hakiwezi akaja kuumia kwa sababu ya urafiki. Naombeni ushauri wa kweli kwa waliokwisha fanya safari za hivi: siku tuzipangeje, msafara tuupangeje, na huyo wa 150 aje au asije?

Mkia_wa_Msafara

Aje mkuu. Tena nitakwambia akae wapi.

Kwanza hili la siku moja. Mwenzenu hajadanganya, Marekani kuna chama kinaitwa Iron Butt Association kinawatambua waliokwenda maili 1,000, ambazo ni kama kilomita 1,600, ndani ya saa 24, na lazima ulete ushahidi wa risiti za mafuta zinazoonyesha saa. Lakini wale wanajiandaa kwa kazi hiyo tu na wengi wanaenda peke yao, mana ukiwa peke yako ukijaza mafuta dakika tano umeshatoka. Nyie sita mkisimama, huyu anatafuta glavu, yule yuko chooni, mwingine ndo kwanza anavua helmeti, hesabu nusu saa kila kituo. Na mtu ambaye hajawahi kupita 250 kwa siku, akifika ya 600 macho yako wazi ila kichwa hakipo. Nendeni siku nne, 400, 400, 350 halafu 250. Siku ya mwisho iwe fupi makusudi, mana hiyo ndo siku mnayokuwa na uchovu wa siku tatu mwilini na hamu ya kufika kwa pamoja, na hamu ya kufika ndo inayofanya mtu aovateki pasipo na nafasi.

Pili, kabla hamjasema wa 150 atawachelewesha, kaeni chini mpige hesabu ya matanki. Chukua ya 150 yenye tanki la lita 12 inayokula lita 2.5 kwa kilomita 100, hiyo inatembea 480 haijasimama. Sasa chukua ya 1200 yenye tanki la lita 13 inayokula lita 6, ikifika 215 imekauka. Pimeni za kwenu wenyewe ila mtashangaa, huenda anayesimamisha msafara ni huyo anayetaka siku moja. Vituo vya mafuta mnavipanga kwa kufuata pikipiki inayofika karibu kuliko zote, na wote mnajaza, hata ambaye bado ana nusu tanki.

Sasa la muhimu, na hili naandika kwa uchungu. Zamani kidogo tulikuwa saba tunaenda mkutano kama wenu na sisi tulikuwa na mwenzetu mwenye pikipiki ndogo, tukamweka nyuma kabisa tukidhani ndo tunamwachia nafasi atembee mwendo wake. Haifanyi kazi hivyo. Wa mbele akitembea 90 akapita lori, wa pili anasubiri nafasi, wa tatu anasubiri zaidi, na kila anayepita lazima akimbie 100 au 110 kuwafikia walio mbele, ikifika kwa wa mwisho huyo yuko 120 mfululizo ili tu asiwapoteze. Yaani mwenye chombo dhaifu ndo anayekimbia kuliko wote. Mwenzetu aliingia kona akiwa anatufukuzia akakuta changarawe. Alivunjika mtulinga. Na sisi tulitembea kilomita 14 bila kujua hayupo, kilomita 14, tumekuja kugundua tumesimama kwenye kivuli tunahesabiana tuko sita. Tulipomrudia alikuwa amekaa pembeni ya lami ameshika mkono kifuani na kioo cha helmeti bado amekifunga, hakutaka tumwone uso. Sitasahau.

Tangu siku ile mimi ndo nakaa nyuma kabisa kila safari, na mwenye pikipiki ndogo au asiye na uzoefu anakaa namba mbili, nyuma tu ya kiongozi. Kiongozi anamwona kwenye kioo na mwendo wa msafara wote unakuwa mwendo wake. Nyuma kabisa anakaa mzoefu mwenye pikipiki yenye nguvu, vifaa vya pancha na sanduku la huduma ya kwanza. Na kila mtu anawajibika kwa mmoja tu, yule wa nyuma yake. Ukimpoteza kwenye kioo punguza, wa mbele yako naye akikupoteza atapunguza, itaenda hivyohivyo mpaka kwa kiongozi bila simu wala honi.

Mkae zigizaga, mmoja kushoto mmoja kulia, sekunde moja toka kwa aliye upande wa pili na sekunde mbili toka kwa aliye mbele yako kwenye upande wako. Kwenye 90 sekunde moja ni mita 25, hivyo sekunde mbili ni mita 50, siyo mbali kama inavyosikika. Kwenye kona nyingi, barabara nyembamba au mvua, acheni zigizaga mkae mstari mmoja mwachane zaidi, kila mtu achague njia yake ya kona.

Cheni_na_Spoketi

Mkia kamaliza upande wa msafara, mimi niongezee ya vyombo mana ndo kazi yangu. Wiki saba ni nyingi, zitumieni.

Tairi angalia pembeni kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, mfano 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Watu wanaangalia kashata tu, yaani ile mistari ya tairi, wanasahau umri, tairi inaweza kuwa na kashata nzuri na mpira umeshakuwa mgumu, kavu lami inashika ila mvua ikinyesha ni kama sabuni. Kama unabadilisha badilisha sasa siyo siku ya safari, tairi mpya inahitaji kama kilomita 150 za kwenda taratibu kabla hujaiamini kwenye kona. Na upepo pima asubuhi tairi ikiwa baridi, ukibeba mizigo fuata kile kipimo cha mzigo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki.

Cheni pakeni mafuta jioni mkifika, ikiwa bado ina joto, yanaingia vizuri na usiku kucha yanatulia. Ukipaka asubuhi ukaondoka palepale yote yanaishia kwenye rimu. Kila siku moja ya safari pakeni mara moja, mkinyeshewa rudieni.

Kuhusu ya 150, Mkia yuko sahihi kwamba aje lakini mkimchukua mmchukue kwa masharti ya injini yake. Injini ndogo ya kupozwa kwa upepo haipendi kufunguliwa mafuta mpaka mwisho saa tatu mfululizo, joto linapanda, oili inakuwa nyepesi na inaanza kuliwa. Mwendo wake kama mwisho ni 110 basi msafara utembee 80 au 85 basi. Oili apime kila asubuhi kabla ya kuwasha, pikipiki ikiwa imesimama wima, na abebe nusu lita ya akiba. Na kwenye mlima akishuka gia msimsukume kwa nyuma.

Halafu mizigo. Vitu vizito chini na karibu na kiti, siyo juu ya keria huko nyuma kabisa, mana mbele kunakuwa kwepesi na usukani unaanza kucheza. Na mikanda wakuu, mikanda! Nilikuwa nyuma ya rafiki yangu, nikaona ncha ya mkanda wa kufungia begi imelegea, kipande cha kiganja kimoja tu, kinapepea karibu na spoketi. Nikapiga honi, hasikii. Nikawasha taa kali, akadhani namwambia apite, akaongeza. Ukaingia. Ulijizungusha kwenye spoketi mara moja tairi ya nyuma ikagoma kuzunguka, pikipiki ikaseleleka na alama nyeusi kwenye lami kama mtu amechora na mkaa. Aliiweka wima mpaka ikasimama, kwa uwezo wa Mungu tu mana ilikuwa barabara iliyonyooka na hakuna gari. Tulitumia saa nzima kukata ule mkanda kwa kisu kidogo, ulikuwa umeyeyuka ukawa mgumu kama mfupa. Kila ncha ya mkanda ikunjwe ifungwe na zipu taye au tepu, na kabla ya kuondoka mtu wa pili akague mzigo wako, siyo wewe mwenyewe. Na mkubaliane ishara kabla. Mkono chini unapigapiga ni punguza, kidole kwenye tanki ni mafuta, mguu unatolewa upande wenye shimo, na taa kali mara tatu toka nyuma maana yake simama sasa.

Dada_wa_Lami

Habari kaka, naona hakuna aliyegusa mwili nami ndo uliniangusha safari yangu ya kwanza.

Vaa vizibo vya masikio. Ukipita 100 kelele ya upepo ndani ya helmeti inavuka desibeli 90 kirahisi, na ukikaa humo siku nzima unachoka ubongo bila kujua kilichokuchosha. Nilivyoanza kuvaa nilishangaa, nafika jioni nina hamu ya kuongea na watu. Maji pia, upepo unakausha jasho hulioni, unadhani hujatoka jasho kumbe umekauka, kichwa kinauma unasema ni jua. Kunyweni kila mkisimama hata kama hamna kiu.

Mvua ikianza, dakika za mwanzo ndo mbaya kuliko zote mana maji yanainua oili na vumbi la mpira lililokaa kwenye lami. Simameni mvae makoti ya mvua mapema, msisubiri mlowe. Mtu aliyelowa akiendesha kwenye upepo anapoa mpaka vidole havisikii breki.

Na hili la 150, naomba uwaambie hao wawili. Mkutano wa pikipiki wa Sturgis kule South Dakota, Marekani, unaojaza watu laki kadhaa kila Agosti, mwaka 1938 ulianza na mashindano ya watu tisa tu. Ujerumani kuna mkutano mwingine wa pikipiki unaitwa Elefantentreffen tangu 1956, wanakutana katikati ya baridi, wanalala kwenye mahema juu ya theluji, na watu wanafika na vyombo vya kila aina, vya zamani, vya kigari cha pembeni, vidogo. Mimi kwenye mikutano niliyokwenda sijawahi kuona mtu anaulizwa injini ina ukubwa gani kabla ya kuulizwa umetoka wapi. Aliyefika mbali na chombo kidogo ndo anazungukwa na watu.

Upepo_wa_Kona

Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita na nimewasomea wote watano ujumbe wenu, ule wa kilomita 14 nilipomaliza kuusoma hakuna aliyeongea kwa muda.

Tumepiga hesabu ya matanki. Ya 150 inafika 430, ya 1200 inafika 190. Mwenyewe alikwenda kuihakiki kwenye tanki lake akarudi akasema sawa, siku nne. Jumamosi tukafanya jaribio, kilomita 380, wa 150 namba mbili, mimi nyuma kabisa, mwendo 80 mpaka 85. Kilichonishangaza tulifika mapema kuliko tulivyozoea, mana hakuna kusubiriana, hakuna mtu aliyepotea njiapanda. Vizibo vya masikio nimeelewa Dada, asante sana. Kwenye ukaguzi wa mizigo tulikuta mikanda miwili inaning'inia, mmoja ulikuwa wangu.

Swali moja limebaki. Njiapanda za mijini taa zinatukata katikati, watatu wanapita watatu wanabaki. Mnafanyaje?

Mkia_wa_Msafara

Kiongozi akikata kona, namba mbili anasimama palepale pembeni mahali salama panapoonekana, anaonyesha mkono upande wa kwenda, haondoki mpaka anione mimi wa mwisho, halafu anaingia mbele yangu. Njiapanda inayofuata anasimama aliyekuwa wa tatu. Hivyo hakuna anayelazimika kukimbilia taa nyekundu. Ila kwenu huyo wa 150 msimwache asimame akabaki nyuma halafu aanze kuwafukuzia, mjini hapo kazi ya kusimama apewe namba tatu, yeye abaki na kiongozi.

Na umwambie mwenye 1200 abebe chupa ya mafuta ya akiba.