Mrejesho: binti yangu na nyimbo za katuni kwenye kinanda

Wakuu habarini, mwezi uliopita niliomba nyimbo rahisi za piano za kwenye katuni kwa ajili ya binti yangu wa miaka 9, tuna kibodi ya funguo 61 hapa Shangani Mtwara na mwalimu hatuna. Asanteni sana aisee.

Let It Go ya Frozen (2013) tulijaribu ikamshinda, alikua anachoka hata kiitikio hajafika, tukaiweka pembeni kwanza. Ila dada uliesema Married Life ya kwenye Up (2009), ile ya Michael Giacchino, Mungu akubariki. Ni walzi, unahesabu moja mbili tatu, tukachukua ile iliyorahisishwa ya skeli ya C maana C haina shapu wala flati (vile vitufe vyeusi), mkono wa kushoto nikamwambia abonyeze noti moja tu pale kwenye moja aishikilie mpaka tatu iishe. Namba za vidole nilimwandikia kwa penseli juu ya noti, gumba 1 kidole kidogo 5, hiyo ndo ilisaidia kuliko vyote.

Jumapili kampigia bibi yake wa Mikindani wimbo huo kwenye kinanda, bibi akamshika vile vidole akavibusu, mi machozi yalinitoka.

Sasa anataka Remember Me ya Coco (2017), mwenye noti zake nyepesi anielekeze jamani.