Mrejesho: zege la moto kwenye tanuru la alumini

Wakuu, niliuliza hapa kwa nini zege la moto (zege maalumu linalostahimili joto kali) ndani ya tanuru letu la kuyeyushia alumini linabanduka kila tukiwasha. Asanteni sana kwa majibu. Tulipunguza maji ya kuchanganyia zege hadi donge lake likikamatwa kiganjani lisichuruzike, tukalifunika saa 24 lishike, kisha tukawasha moto mdogo, tukashikilia karibu nyuzi 110 za Selsiasi mpaka mvuke ukakoma ndipo tukapandisha polepole. Hapo ndipo dawa ilipokuwa: ukuta na sakafu vimetulia kabisa, hakuna kipande kilichoruka. Mdomoni, panapogongwa na vyuma tukikoroga, bado pana ufa. Kupaka udongo wa mfinyanzi hakukusaidia, ulidondoka. Tutapavunja tujenge kwa matofali ya moto, kama mlivyoshauri. Mbarikiwe sana.