Ukiwa na siku mbili tu kwenye jiji geni unaenda kuona nini? Tupeane uzoefu

MbioZaSakafuni: Wakuu, kuna mtu kaniuliza leo aende kuona nini Paris wikiendi, nikakumbuka nilivyofika Louvre, lile jumba la makumbusho, nikakuta pamefungwa. Tumesimama watu kibao tunalitazama lile piramidi la kioo kama tumefiwa. Louvre hawafungui Jumanne, na jumba jingine la Orsay ng'ambo ya mto hawafungui Jumatatu, jueni hilo. Haya leteni vya kwenu, kipi ulikiona ukasema nauli imerudi na kipi kilikuboa.

KijanaWaFoleni: Mona Lisa. Picha yenyewe sentimita 77 kwa 53, iko nyuma ya kioo, mbele yako simu tupu zimeinuliwa juu, ukifika karibu mlinzi anakwambia pita.

BibiRamani: Ulitaka iwe bango la barabarani? Si ungegeuka nyuma. Ukuta wa pili kuna Harusi ya Kana ya Veronese, karibu mita 7 kwa 10, ndo mchoro mkubwa kuliko yote humo Louvre na kila mtu kaupa mgongo. Mimi nilimaliza muda wangu wote pale, mara wanamuziki, mara wale mbwa wamekaa mbele yao.

KijanaWaFoleni: sikulipa nauli kwenda kuangalia mbwa

BibiRamani: Ndo maana uliboeka mwanangu.

NguzoYaTatu: Ngojeni niseme la Roma kabla hamjamponza mtu. Kuba la kanisa la Mtakatifu Petro pale Vatican lina ngazi 551, ukichukua lifti mpaka kwenye paa bado zinabaki 320, rafiki yangu akasema 320 ni kitu gani. Mwanzo fresh tu. Halafu mnaingizwa katikati ya kuta mbili za kuba lenyewe, na kwa vile kuba linapinda na ukuta nao unakulalia, unatembea umeinama upande, mbele watu nyuma watu, na njia ni ya kupandia tu, ya kushukia iko kwingine, yaani hakuna kurudi. Jasho! Mama mmoja mbele yangu akasimama ghafla akashika ukuta akaanza kulia kwa Kihispania, foleni nzima ikaganda, pumzi ikanikata, rafiki yangu nyuma ananiambia vuta hewa, nikamwambia si unaivuta yote wewe. Mzee mmoja akaanza kumhesabia yule mama ngazi, uno, dos, na sisi wa nyuma tukadakia kuhesabu nae wakati hata hicho Kihispania hatukijui, ndo foleni ikasogea. Mwishoni kabisa ngazi zinazunguka, nyembamba mno hata pa kushika hamna, wamening'iniza kamba. KAMBA. Nimetokea juu magoti yanacheza, uwanja wote aliouchora msanifu Bernini uko chini yako na zile nguzo zake, pazuri sana sikatai, ila mimi basi.

Chapati_Moto: ile kamba aisee 😂😂

MamaRatiba: Yule mama alifika??

NguzoYaTatu: Alifika kabla yangu, nimemkuta anapiga selfi.

MamaRatiba: Ndo maana watu wangu nawapeleka Pantheon, lile hekalu la kale hapo hapo Roma. Hupandi popote, unaingia unatazama juu, tundu la karibu mita 9 liko wazi, mvua ikinyesha inamwagika ndani na sakafuni kuna vitundu vya kupitishia maji. Halafu Vatican mabega na magoti yafunikwe, beba mtandio.

Mtu_Pori: London British Museum bure, National Gallery bure. Kaanzeni huko.

SautiYaNyika: Bure wakati vitu vyenyewe ni vya watu? Shaba za Benin, zile sanamu za ufalme wa Benin, Nigeria ya leo, zilibebwa 1897 baada ya mji kuvamiwa na kuchomwa.

Mtu_Pori: Mkuu siasa hapa siyo mahali pake

SautiYaNyika: Siasa gani? Na wameziweka chini kabisa kwenye vyumba vya Afrika, wengi mnaishia kwenye maiti zilizokaushwa za Misri mnaondoka. Nendeni mkazione, halafu mrudi mniambie siasa.

Chapati_Moto: Istanbul jamani. Hifadhi ya maji ya chini ya ardhi karibu na msikiti wa Hagia Sophia, nguzo 336, kule mwisho vichwa viwili vya Medusa, kimoja kimelala ubavu kingine miguu juu kichwa chini, sema miguu hakina. Hagia Sophia yenyewe Ijumaa mchana usijisumbue, watu wanaswali. Halafu panda feri uvuke Bosphorus, unatoka Ulaya unaingia Asia umekaa tu.

KijanaWaFoleni: Popote uendapo wahi mlango unapofunguliwa

BibiRamani: Usimsikilize, asubuhi ndo mabasi yote ya watalii yanamwaga watu. Louvre Jumatano na Ijumaa wanafunga saa tatu usiku, nenda jioni.

MamaRatiba: Na kanisa la Sagrada Família la Barcelona kata tiketi mtandaoni mapema, la sivyo utaitazama ukiwa barabarani. Wanaijenga toka 1882, haikimbii, ila tiketi zinakwisha.

Mtu_Pori: Msipange chochote, potea tu mtaani.

MbioZaSakafuni: Eiffel kwa ngazi unaishia wapi?

MamaRatiba: Ghorofa ya pili, ngazi 674. Juu ya hapo ni lifti.

NguzoYaTatu: Mimi nitawashikia mabegi chini.